Afrika Iliyobaki

Tarehe 25 Mei 2003 vijana 12 kutoka nchi 12 za Afrika waliingia katika nyumba moja kule Johannesburg, mlango ukafungwa. Siku 106 kamera ziliwaangalia wakila, wakigombana, wakilala, mpaka wakioga. Kipindi kiliitwa Big Brother Africa. Wazo lenyewe lilitoka Uholanzi mwaka 1999, na jina lilichukuliwa katika kitabu cha George Orwell, ambamo Kaka Mkubwa ni mtawala anayewaona watu wake saa zote. Sisi wa hapa Nakivale jambo hilo halina haja ya kuelezwa sana. Mwaka 2018 tulipanga mstari, tukaweka vidole vyote kwenye mashine, tukafungua macho mbele ya kamera ili ihakikishwe kwamba sisi ndio sisi. Tofauti ni kwamba kule Johannesburg wa mwisho kubaki alipewa dola 100,000. Huku anayebaki mpaka mwisho anapewa tarehe nyingine ya kurudi.

Wacha niache masihara, maana masihara yenyewe ndiyo habari ninayotaka kuandika. Katika kambi watu hubishana sana juu ya vipindi vya namna hii, na ubishi karibu kila mara si juu ya nani mzuri au nani anajua kuimba. Ni juu ya neno. Fulani amesema neno, wenzake wamecheka, na huku kwetu upande mmoja wa benchi umecheka na upande mwingine umenyamaza. Nimejaribu kufuata historia ya vicheko hivyo kuanzia 2003, kwa sababu naona vimetufundisha kitu juu yetu wenyewe ambacho semina nyingi za amani hazijakifikia.

Kwanza tutazame nani alikuwemo na nani hakuwemo. Nchi 12 za msimu wa kwanza zilikuwa Angola, Botswana, Ghana, Kenya, Malawi, Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Soma tena orodha hiyo ukiwa umekaa Base Camp, halafu tazama majirani zako. Hakuna Kongo. Hakuna Rwanda, hakuna Burundi, hakuna Somalia. Waandaaji walichagua nchi zenye wanunuzi wa televisheni ya kulipia na makampuni ya kutangaza biashara, wala sidhani waliketi na ramani ya vita mbele yao. Lakini ukiweka ile ramani yao juu ya ramani ya watu wanaokaa Nakivale, zinapishana karibu kabisa. Nchi zilizoingia nyumbani ni zile ambazo watu wake hawako hapa. Iliyoingia na ambayo sisi tunaijua kwa karibu ni moja, Uganda, na huyo ndiye mwenyeji wetu.

Msimu ule wa kwanza watazamaji wa bara zima hawakukasirikia mizaha. Walikasirikia miili. Mapenzi ya Gaetano Kagwa wa Uganda na Abergail Plaatjes wa Afrika Kusini mbele ya kamera yaliwasha moto. Rais Sam Nujoma wa Namibia aliitaka televisheni ya taifa iache kuonyesha kipindi hicho, ionyeshe historia ya nchi badala yake. Agosti 2003 wabunge wa Malawi walipiga kura kukiondoa kwenye televisheni ya umma, mahakama ikakirudisha. Maaskofu, mashehe, akina mama wa jumuiya, kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu shuka na bafu. Maneno yaliyosemwa ndani ya nyumba yalipita bila mtu kuyauliza.

Hata hivyo ndani ya kelele ile kulikuwa na jambo jipya. Kila mshiriki alibeba bendera. Cherise Makubale aliposhinda, haikusemwa msichana fulani ameshinda, ilisemwa Zambia imeshinda. Mwisho Mwampamba alipokuwa wa pili, Tanzania ndiyo iliyokuwa ya pili. Katikati ya msimu Gaetano alipopelekwa Uingereza kukaa siku chache katika nyumba ya kule, na Mskoti Cameron Stout akaletwa Johannesburg badala yake, watu walizungumza kama vile mabalozi wamebadilishana vituo. Sasa ukishampa mtu bendera, hata akipiga chafya, nchi imepiga chafya. Akimtania mwenzake kwa lafudhi yake au kwa rangi yake, nchi moja imeicheka nyingine. Na anayetazama akiwa na bendera hiyo moyoni hatasema wanataniana hao, ni vijana tu. Atasema: wanatuchekelea.

Katika misimu iliyofuata jambo hili lilitiwa mpaka kwenye hesabu. Kura zilipigwa kwa simu na meseji, lakini hazikujumlishwa zote pamoja. Kila nchi ilihesabiwa kuwa kura moja: nani amepata wengi Kenya, nani amepata wengi Uganda, na kadhalika. Na mwishoni mwa orodha kulikuwa na fungu moja la watu wote ambao nchi zao hazikuwa na mtu nyumbani. Fungu hilo liliitwa Afrika Iliyobaki. Wote humo walikuwa kura moja.

Nafikiri hakuna jina lililowahi kutufaa kuliko hilo. Mkongomani wa Bukavu alikuwa Afrika Iliyobaki. Mrundi wa Kirundo na Msomali wa Mogadishu, Afrika Iliyobaki. Halafu angalia ajabu yake: ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja yuko Uvira na mwingine amekimbilia huku Isingiro, wakituma meseji jioni moja kwa mshiriki mmoja, yule wa Uvira anaingia kwenye Afrika Iliyobaki, na huyu wa Nakivale, kwa sababu laini yake ni ya Uganda, anahesabiwa Mganda. Ni mahali pekee ninapopajua ambapo mkimbizi alipata uraia kwa shilingi chache za meseji. Karatasi haikuombwa.

Sasa, tuliyatazamaje? Asiyeijua Nakivale asidhani kila nyumba ilikuwa na dishi. Televisheni ya kulipia ilikuwa Mbarara, kwenye baa na mahoteli, na mtu aliyekwenda mjini kuuza maharage au kufuata hospitali aliweza kusimama mlangoni na kutazama kidogo kabla ya kuambiwa anunue soda. Huku makazini tulikuwa na vibanda: mabanzi, turubai, jenereta au betri ya sola, mabenchi. Kibanda kinaishi kwa mpira wa Uingereza na filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ wa Kampala. Vipindi vya nyumba ya Big Brother vilifika kwa vipande vipande, baadaye vikaja kwenye simu. Na hapo ndipo jambo ambalo watafiti wa mijini hawalioni linaanza.

Ndani ya nyumba walizungumza Kiingereza. Kwenye benchi ya kibanda kuna Kiswahili cha Kongo, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kinyankole cha mwenye kibanda. Kwa hiyo pale mbele lazima awepo mtu wa kutafsiri. Si VJ wa kulipwa, ni kijana yeyote aliyefika sekondari. Na mzaha, ndugu msomaji, ni kitu kibaya sana kutafsiri. Ukitafsiri habari, habari inabaki. Ukitafsiri mzaha, kicheko kinamwagika njiani, tusi peke yake linafika. Mnaijeria anamwambia mwenzake neno ambalo kwao ni la kawaida la marafiki, kijana wetu anageuka anasema: “Anamwambia iko mujinga.” Benchi nzima inaguna. Au kinyume chake, tusi la kweli linapita bila kuumiza mtu kwa sababu mtafsiri hakulijua au aliona aibu kulisema mbele ya mama zake. Nimeshuhudia watu wakigombana mpaka kushikana mashati kwa neno ambalo aliyelisema hakulisema. Walikuwa wanamgombania mtafsiri bila kujua.

Basi kama 2003 ilikuwa miili, mwaka wa maneno ni 2007, na ilitokea London. Januari ya mwaka huo mwigizaji wa Kihindi Shilpa Shetty alikuwa katika nyumba ya watu maarufu ya Big Brother ya Uingereza. Wanawake watatu, Jade Goody, Danielle Lloyd na Jo O’Meara, walianza kumfanyia kejeli. Waliigiza lafudhi yake. Jade alimbandika jina la ukoo la kutungwa kutokana na papadi, ile mikate myembamba ya Kihindi inayovunjikavunjika. Walilalamika kwamba amegusa chakula kwa mikono na haijulikani mikono hiyo ilikuwa wapi. Kwao ilikuwa ni kucheka tu, jioni zimekuwa ndefu, watu wamechoka.

Watazamaji hawakuona hivyo. Malalamiko zaidi ya 44,000 yalifika kwa mamlaka ya utangazaji ya Uingereza. Kampuni ya simu iliyodhamini kipindi ilisimamisha udhamini. Gordon Brown, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikuwa ziarani India wakati huo huo na badala ya kuulizwa juu ya biashara akaulizwa juu ya Shilpa. Katika mji wa Patna watu walichoma sanamu za waandaaji. Tarehe 19 Januari Jade alitolewa kwa asilimia 82 ya kura, na Shilpa akashinda shindano lote.

Nani kati yetu hapa halili kwa mikono? Habari ilipofika Afrika Mashariki kwa redio, ile sehemu ya mikono ndiyo iliyoshika watu. Mtu anaweza kusikia kwamba huko Ulaya fulani ameitwa jina baya na asijali, ni mambo ya Wazungu na Wahindi. Lakini mikono ndani ya sahani! Mkongomani anakata ugali, Msomali anakusanya wali, Mnyankole anachovya karo. Ghafla Wahindi, ambao mitaani kwetu nao husemwa vibaya sana na wala si siri, wakawa ndugu zetu kwa wiki nzima.

Lakini sehemu ya habari hii ambayo haikufika vibandani ndiyo inayonishughulisha zaidi. Jade Goody hakuanza kwa kucheka watu, alianza kwa kuchekwa. Mwaka 2002 aliingia nyumba ile akiwa msichana maskini wa kusini mwa London, msaidizi wa daktari wa meno, asiyejua jiografia; alidhani mkoa mmoja wa Uingereza yenyewe ni nchi ya ng’ambo. Magazeti ya udaku yalimfananisha na nguruwe. Nchi nzima ilimtania mwili wake, shule yake, mama yake. Baba yake alikuwa na damu ya Kiafrika upande mmoja. Alivumilia, akageuza kejeli ile kuwa kazi, akapata pesa. Miaka mitano baadaye akakutana na mtu ambaye lafudhi yake ilikuwa ya kigeni kuliko yake, na ikawa zamu yake.

Nakumbuka hili kila ninapopita Kabazana, pale wanapopokelewa wapya. Watu wanashuka na magodoro na masufuria, vumbi mpaka kwenye kope, hawajui maji yako wapi. Na nani anawacheka? Si wafanyakazi wa mashirika, wala si Wanyankole. Tunawacheka sisi wa zamani. Wanavyoshika kadi, wanavyosema jina la OPM, wanavyokimbilia foleni ambayo siyo. Kuna majina ya kejeli kwa Wakongomani waliokuja juzi, kuna ya Warundi wa 2015, kuna ya Wasomali, na Wanyarwanda waliokaa hapa tangu zamani wana yao kwa kila mmoja wetu. Sitayaandika hapa, kila msomaji anayajua na mengine anayatumia. Aliyekaa hapa miaka kumi alichekwa hivyo hivyo mwaka wake wa kwanza, na tena alichekwa Mbarara sokoni alipojaribu kusema agandi kwa mdomo wa Kivu.

Mwenye kutetea atasema: huu ni utani tu, na utani ni desturi yetu Waafrika. Ni kweli, na ni hoja nzito, kwa hiyo isipitwe haraka. Tanzania wana watani wa kikabila tangu enzi za babu zao. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na baada ya hapo wakawa watani: Mngoni atamtukana Mhehe hadharani na hakuna kesi. Wanyarwanda wana kitu cha jamaa hiyo baina ya koo, kinaitwa ubuse. Lakini ukitazama vizuri, utani wa kweli una masharti mawili ambayo nyumba ya Big Brother haina. La kwanza, pande zote mbili zina haki sawa ya kutukana. Ukinitania leo nakutania kesho, na hakuna kati yetu aliye mgeni wa mwingine. La pili ni kwamba mtani ana kazi. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayekuja kushika shughuli na kuwachekesha waliofiwa. Anayekutukana ndiye anayekuzika. Haki yake ya kutukana imelipiwa.

Sasa mtu aliyekuita jina la kejeli kwenye foleni ya chakula, je, atakuja kukuzika?

Na kuna sharti la tatu, ambalo wazee hawakuhitaji kulisema kwa sababu wakati wao lilikuwa wazi: watani wanajuana. Hakuna mtu wa tatu anayesikiliza kwa mbali. Katika nyumba ya kamera wa tatu ni mamilioni. Mwaka huo huo 2007, mwezi Juni, msichana wa miaka 19, Emily Parr, alitolewa usiku usiku katika nyumba ya Uingereza kwa kutumia neno la kutukana watu weusi kwa mwenzake mweusi, Charley Uchea, wakiwa wanacheza dansi. Alijitetea kwamba ulikuwa mzaha. Huenda kati yao wawili ulikuwa. Lakini neno lilikuwa halisemwi kati ya wawili. Makazini vilevile, ukuta ni turubai. Unachomwambia rafiki yako ukiwa umelala, jirani anakisikia amelala.

Wapo wanaoniambia natia chumvi, kicheko hakijaua mtu. Hapa ningependa kwenda taratibu, maana wasomaji wengine wa gazeti letu walikuwepo. Mwaka huo wa 2003, miezi mitatu baada ya mlango wa nyumba ya Johannesburg kufunguliwa, yaani tarehe 3 Desemba, mahakama ya kimataifa kule Arusha ilitoa hukumu katika kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda. Redio RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Watu walioisikia wanasema haikuanza kwa kuua. Ilianza kwa kufurahisha. Ilipiga muziki mzuri wa Kongo, watangazaji waliongea kama vijana wa mtaani na siyo kama redio ya serikali, na Kantano Habimana alijulikana kwa kuchekesha. Watu waliisikiliza kwa sababu ilikuwa tamu, hata miongoni mwa wale waliokuwa wakitukanwa. Lile neno la wadudu lililotumika baadaye kuwaita Watutsi wa kuuawa lilipita kwanza katikati ya vicheko na nyimbo.

Sisemi kwamba mpumbavu mmoja ndani ya nyumba ya kamera ni RTLM. Huo ungekuwa uongo na dharau kwa waliokufa. Nasema tu kwamba mtazamaji wa Nakivale anayenyamaza wakati wengine wanacheka si mtu asiyejua mzaha. Huenda amewahi kusikia mzaha mzuri kuliko huu, akajua ulikoishia. Mfanyakazi wa shirika anayeandaa mchezo wa kuigiza au shindano la vichekesho la vijana afikirie benchi ya nyuma pia. Nimeona ripoti ikiandikwa kwamba watazamaji walifurahi sana, nami nilikuwa nimekaa huko nyuma, na nusu walikuwa wameondoka kabla ya mwisho.

Rwanda yenyewe iliingia nyumba ya Big Brother Africa mara ya kwanza mwaka 2014, miaka 20 baada ya 1994. Mmoja wa wawili waliotumwa alikuwa mchekeshaji, Arthur Nkusi. Kwa mtu wa historia hilo si dogo. Nchi ambayo kicheko chake kilikuwa kimetiwa sumu hewani ilimtuma mtu wa kuchekesha mbele ya bara zima, na baadaye Arthur huyo huyo akaendesha Kigali maonyesho ya vichekesho yanayoitwa Seka, yaani cheka. Nilizungumza na Wanyarwanda wa hapa wa pande mbalimbali juu yake. Wengine walijivunia, wengine walisema hawana habari na vijana wa Kigali. Lakini hakuna aliyesema alichekwa naye. Kwa Nakivale hiyo ni karibu makofi.

Msimu ule uliahirishwa kwanza kwa sababu nyumba iliungua moto Septemba 2014. Ulipoanza, ulikuwa wa mwisho. Big Brother Africa haijarudi tena. Tarehe 7 Desemba 2014 alishinda Mtanzania, Idris Sultan, mpiga picha, kwa dola 300,000. Hapa makazini Waswahili wote walijihesabu washindi, hata sisi ambao Kiswahili chetu Mtanzania hukicheka kwanza ndipo akijibu. Idris alirudi Dar es Salaam, akawa mchekeshaji na mwigizaji.

Hapo habari inageuka. Mpaka sasa nilikuwa naandika juu ya mwenye nguvu kumcheka mnyonge. Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Rais John Magufuli, Idris aliweka mtandaoni picha alizobadilisha sura, uso wake kwenye mwili wa rais na uso wa rais kwenye mwili wake. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alimtaka aripoti polisi. Mei 2020 akakamatwa tena baada ya video aliyojirekodi akicheka, anatazama picha ya zamani ya rais akiwa amevaa suti kubwa kuliko mwili. Hakusema tusi. Alicheka tu, akacheka mpaka machozi. Alipofikishwa mahakamani shtaka halikutaja kicheko, lilikuwa ni kutumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Laini! Hapo Nakivale nzima ilisimama. Maana mpaka Agosti 2019, mamlaka ya mawasiliano ya Uganda ilipolegeza masharti ili mkimbizi asajili laini kwa karatasi zake za ukimbizi, wengi walikuwa wakishika laini za majina ya watu. Mama mmoja alikuwa na laini ya mwenye duka wa Mbarara, mwalimu ana ya dereva wa boda, kijana ana ya mtu asiyemjua kabisa. Kura zile zote za Afrika, zile meseji za usiku wa Jumapili, zingine zilitoka katika majina ya kuazima. Kijana mshindi wa nyumba, mwenye dola 300,000, amesimama kizimbani kwa kosa la watu wa kambi.

Ile video ya kicheko ilifika kwenye simu zetu wakati wa korona, vibanda vimefungwa, kila mtu anatazama peke yake au wawili watatu chini ya mwembe. Vijana wa Kikongo waliirudia mara nyingi. Hawakuijua ile suti wala hawakuhitaji kuijua, kicheko chenyewe kinaambukiza. Waganda wa kituo cha biashara waliichekea kwa sauti ya chini. Lakini kuna familia za Kirundi hapa jirani zilizokuja 2015 na baada yake, na kwao picha ya rais si kitu cha kuchezea. Juni 2016 mamia ya wanafunzi wa Burundi walifukuzwa shule kwa kuchorachora picha ya Rais Nkurunziza ndani ya vitabu vyao, wengine wakawekwa ndani. Machi 2019, kule Kirundo, wasichana watatu wa shule walifungwa kwa jambo hilo hilo, kalamu na picha. Baba mmoja wa familia hizo alikuja mpaka chini ya mwembe, akawasalimia vijana kwa adabu, akamshika mwanawe wa darasa la saba mkono. Hakugomba. Aliwaomba wapunguze sauti, akaondoka naye, na yule mtoto alikuwa bado anageuka nyuma anacheka.